Nyumba ya Tippu Tip na ile nyumba yetu ya kando ya ziwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, kabla ya kura juu ya nyumba ya zamani. Tunayachapa jinsi yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu.



Komite ilituomba sisi wa timu ya kazi za vijijini tuseme kidogo juu ya safari yetu ya Tanzania. Mafunzo yenyewe yalihusu haki ya nyumba na ardhi kwa watu waliorudi kutoka ukimbizini. Ripoti yake iko kwenye biro, kila mwanachama ana ruhusa ya kuisoma. Leo tunasema juu ya siku moja tu ya safari ile, siku ya mapumziko, ambayo tulipanda boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutazama nyumba moja.

Kwa nini tuiseme leo? Kwa sababu mchana huu tutapiga kura: tutengeneze ile nyumba ya zamani kando ya ziwa, iwe depo ya mbegu na chumba cha masomo ya kusoma na kuandika, ama tuiache ianguke. Na wandugu, tusidanganyane. Kinachofanya watu wasite si bei ya mabati. Watu wanasema: ile nyumba iko na mashetani.

Nyumba tuliyokwenda kuona Unguja inasemwa vile vile. Iko Shangani, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni nyumba ya Tippu Tip.

Jina ambalo tunalijua

Hapa kwetu jina hilo halina haja ya maelezo mengi, lakini tuna vijana, na tuna wasomaji wa mbali. Tippu Tip alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, mtu wa Unguja, aliyezaliwa katika miaka ya 1830. Jina Tippu Tip ni la kupewa. Wengine wanasema ni mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni namna alivyopepesa macho. Kazi yake ilikuwa biashara ya pembe za ndovu. Na pembe hazitembei zenyewe. Zilibebwa na watu, na wengi katika watu hao walikuwa wamekamatwa, nao wakauzwa.

Makao yake makubwa yalikuwa Kasongo, katika Maniema. Kutoka Kasongo na Nyangwe misafara ilishuka mpaka Mtowa, upande huu wetu wa Ziwa Tanganyika, si mbali na Kalemie ya leo. Hapo walivuka kwenda Ujiji, wakapita Tabora, wakafika Bagamoyo, halafu jahazi mpaka Unguja. Toka Ujiji mpaka pwani peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa miguu, na mzigo kichwani. Sisi tulivuka ziwa hili tukikimbia vita, na tukalivuka tena tukirudi. Wao walivuka kwenda tu.

Mjue pia kwamba biashara ile haikuwa ya mtu mmoja. Ule mauaji wa sokoni Nyangwe, Julai 1871, ambao Livingstone aliuona kwa macho yake na kuuandika, ulifanywa na watu wa wafanyabiashara wengine. Na wazungu nao hawakuwa mbali. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Yule aliyesema anakuja kumaliza utumwa alianza kwa kumpa kazi mwenye kufanya biashara hiyo. Kisha, baada ya Tippu Tip kurudi Unguja, ikaja vita ya 1892 mpaka 1894 kati ya watu wa Leopold na Waarabu na Waswahili wa Maniema. Mwanawe Sefu alikufa katika vita hiyo, mwaka 1893, na mwaka huo huo Nyangwe na Kasongo zikachukuliwa. Yeye baba alibaki Unguja, na alifariki huko Juni 1905.

Kuna jambo lingine tusilikimbie. Lugha hii tunayosema sasa hivi katika ukumbi huu ilipita njia ile ile. Kingwana chetu kilikuja na misafara. Wale wa pwani walijiita waungwana, na jina likabaki kwenye lugha. Kwa hiyo tulipokwenda kuona nyumba ile, hatukwenda kama watalii wanaotazama mambo ya watu wengine.

Mlango, na watu walio nyuma yake

Mji Mkongwe una vichochoro vingi mpaka mgeni anapotea mara mbili kabla ya kufika. Tuliuliza njia, tukafika. Kinachokushika kwanza ni mlango. Ni mkubwa, wa mbao nzito, umechongwa toka juu mpaka chini, kama milango ya matajiri wa Unguja wa wakati ule. Mtu aliyepita mbele ya mlango huo alijua bila kuambiwa kwamba humu ndani mna mali.

Ukiinua macho juu ya mlango ndipo unaona hali ya nyumba. Lipu imebanduka, maji ya mvua yamechora mistari myeusi ukutani, nguo za watoto zimeanikwa dirishani. Kumbe si makumbusho. Haina tikiti, haina mlinzi, ni nyumba ya watu. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Zanzibar ilichukua nyumba nyingi za matajiri wa Mji Mkongwe, na familia za watu wa kawaida zikapewa vyumba humo. Nyumba ya Tippu Tip nayo ikawa ya familia nyingi.

Kijana mmoja anayetembeza wageni alitukuta hapo nje, akaanza kutueleza bila kuombwa. Alisema wakaao humu wanajua kwamba watumwa wa zamani hawajaondoka. Usiku kuna hatua za miguu kwenye ngazi. Kuna sauti za minyororo, kuna mtu anayelia katika chumba ambacho hakina mtu. Habari hiyo haikuwa mpya kwetu, maana sifa ya nyumba hiyo imeandikwa hata katika vitabu vya kuongoza watalii. Kijana alisema vizuri, na mwisho akataka kitu kidogo cha chai. Tukampa.

Halafu akatoka mzee mmoja mwenye kukaa humo, ameshika ndoo. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasikiliza namna tunavyosema, akauliza: "Ninyi Wamanyema?" Tukacheka wote. Mnajua kwa nini. Kule Kigoma na Ujiji, mtu yeyote mwenye asili ya ng'ambo hii ya ziwa, awe Mbembe, awe Mgoma, awe Mbwari, awe Mbangubangu, anaitwa Mmanyema. Tumeitwa hivyo tangu utoto wetu wa ukimbizini. Tukamwambia: ndiyo mzee, tunatoka Kongo. Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi mmekuja kuwaona ndugu zenu."

Hatukumwomba kuingia, kwa maana ni nyumba yake, si yetu. Tulikaa naye barazani. Tulimwuliza kama ni kweli mambo yanayosemwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema zamani, mvua kubwa zikianza, wamama wa humo walikuwa wakisoma dua na kufukiza udi, na kwamba yeye mwenyewe amesikia mengi usiku. "Lakini wanangu," akasema, "mashetani hajawahi kuniangushia kitu kichwani. Dari ndiyo imeniangushia." Akatuonyesha kovu.

Kwa nini nyumba ya zamani inalia

Maneno yale ya mzee yalitufanya tuulize mafundi, maana baadhi yetu tunafanya kazi ya ujenzi wa nyumba za waliorudi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa sababu boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vinakuwa virefu lakini vyembamba. Nyumba ya namna hii inapumua. Maji yanaingia kidogo kwenye ukuta, na yanatoka tena kupitia chokaa.

Paa likivuja miaka mingi bila mtu wa kutengeneza, boriti zinaoza kwenye vichwa vyake, pale zinapoingia ukutani. Mtu akija kupaka sementi juu ya chokaa akidhani anaimarisha, maji yanafungiwa ndani na jiwe linalegea. Hapo ndipo nyumba inaanza kusema usiku: mbao zinalia, mchanga wa lipu unashuka kwenye ngazi kama hatua za mtu, upepo unapita kwenye nyufa.

Hatusemi hivi ili kuwacheka wanaoamini. Tunasema kwa sababu hatari ni ya kweli. Pale Unguja kuna jumba linaloitwa Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, jumba kubwa na la fahari kuliko yote mjini. Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakafa. Jumba lililindwa, lilikuwa na jina duniani kote, na bado likaanguka. Sasa fikirieni nyumba ambayo watu wanaogopa hata kuitazama, nani atapanda kuangalia paa lake? Uoga unafanya nyumba isitengenezwe, na kutotengenezwa kunaongeza sauti, na sauti zinaongeza uoga.

Pembe zina hesabu, watu hawana majina

Lakini mafundi hawakumaliza swali letu. Mji Mkongwe una nyumba nyingi zenye boriti zilizooza. Kwa nini sifa ya mashetani ikae pale zaidi?

Tippu Tip aliacha kitabu cha maisha yake. Alikieleza mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akakichapa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ni moja ya habari za kwanza za mtu kueleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na wasomi wanakithamini kwa lugha yake. Humo mna safari, vita, madeni, masultani wa bara. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Lakini wale waliobeba frasila hizo karibu wote hawana majina. Mfanyabiashara alikumbuka uzito wa pembe miaka mingi baadaye. Jina la mtu aliyelala njiani na pembe hiyo begani halikuandikwa.

Hata sheria ilifanya hivyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe uliondolewa katika sheria mwaka 1897. Lakini sheria ile haikuwagusa masuria, wanawake waliowekwa ndani ya nyumba za mabwana. Wao walingoja mpaka 1909. Yaani Tippu Tip alipofariki mwaka 1905, kulikuwa bado na wanawake ndani ya nyumba za mji ule ambao sheria haijawahesabu kuwa huru. Nyuma ya milango mizuri, bila jina kwenye karatasi.

Mchana tulikwenda Mkunazini, penye kanisa kubwa la Anglikana. Kanisa hilo lilijengwa mahali pa soko la watumwa. Nje yake kuna shimo, na ndani ya shimo sanamu za watu wamesimama na mnyororo shingoni. Watu wanafika kutoka kila nchi, wanasimama, wananyamaza. Anayewatembeza anaeleza waliletwa kutoka wapi, walifungwaje, waliuzwaje. Kwa muda wote tuliokaa pale hatukusikia neno shetani hata mara moja. Tulisikia habari ya watu. Mahali pawili, mwendo wa dakika chache kwa miguu, uchungu ni ule ule. Pamoja umeelezwa mchana mbele ya watu, na pengine umeachwa useme wenyewe usiku.

Wandugu, hicho ndicho tulichorudi nacho. Kama mizimu iko ama haiko, hilo si la timu yetu kuamua. Humu ndani tuna wakristo wanaosema mapepo, tuna waislamu wanaosema majini, tuna wazee wanaosema mizimu ya wakoko. Kila mmoja ana njia yake na tunaiheshimu. Tunachosema ni hiki: mara nyingi nyumba inapewa jina la mashetani pale ambapo watu waliteswa na hakuna aliyesimama akasema nani aliteswa. Watu wanajua kwamba kuna kitu, wanaogopa kukitaja, basi wanasema "mashetani" na wanapita upande mwingine wa barabara.

Sasa tuje kwetu

Nyumba yetu ya kando ya ziwa wote tunaijua. Ilijengwa wakati wa Wabelgiji, na mzungu aliyenunua pamba. Kuta zake ni za matofali mazuri, zimesimama. Paa limekwisha. Watoto hawachezi karibu yake, na wenye kutoka sokoni usiku wanazunguka kwa njia ndefu. Wanasema kuna sauti ya watu wanaoomba maji.

Nani asiyejua habari hiyo inatoka wapi? Wakati wa vita, wenye silaha walikaa humo, wakaondoka, wakaja wengine. Chumba cha nyuma, kile chenye dirisha dogo, kilifungiwa watu. Wengine walitoka. Wengine hawakutoka. Sisi wengi tulikuwa Nyarugusu ama Lugufu wakati huo, na waliobaki hapa waliona, na mpaka leo wanaogopa kusema. Ukimwuliza mtu: ndugu yako alipotelea wapi? Anasema: kule. Hataji kule ni wapi. Lakini ukimwambia kwamba tutatengeneza nyumba ile, anasema haraka: hapana, iko na mashetani.

Na kuna la pili, ambalo katika kazi yetu tumelikuta zaidi ya mara moja, sehemu mbalimbali. Familia inarudi kutoka ukimbizini, inakuta nyumba yao imepewa sifa ya mashetani. Jirani anawaambia: msilale humo, mtakufa. Familia inaogopa, inauza parsele kwa bei ya mbuzi wawili. Mwezi haujaisha, aliyenunua amelala humo na watoto wake, na hana hofu yoyote. Kwa hiyo mtu akikuambia nyumba iko na mashetani, heshimu neno lake, lakini uliza pia: nani atapata parsele hii kama mimi nitaikimbia?

La tatu. Nyumba ya Tippu Tip ina watu ndani yake, na nyumba yetu pia ina watu. Nyuma, katika kile kilichokuwa jiko la mzungu, mama mmoja mjane anakaa na watoto wanne tangu alipovuka kurudi na kukuta parsele yake imekaliwa. Hatumtaji jina, ninyi mnamjua. Alipoulizwa kama haogopi, alijibu: "Mimi njo naogopa mvua." Ni jibu la yule mzee wa Shangani, kwa maneno mengine. Anayelala ndani ya nyumba ya kutisha mara nyingi ni yule ambaye hana pengine pa kulala.

Tunayoomba mkutano uyakubali

Timu yetu inaunga mkono kutengeneza nyumba. Lakini hatuombi kura ya mabati tu. Tunaomba mambo manne, kwa mpangilio huu.

Kwanza, kabla ya tofali lolote, chama kiweke siku za kusikiliza. Wamama wawili na wazee wawili, waliochaguliwa na mkutano huu, wakae na familia moja moja, kwa siri, waandike majina ya watu waliofungiwa humo na hawakurudi. Baadaye iwe siku moja ambapo majina yanasomwa mbele ya nyumba, pasta awepo, shehe awepo, mzee wa kimila awepo, kila mmoja aombe kwa njia yake. Kitabu cha majina kibaki kwenye chama. Tunaandika waliopotea tu. Hatuandiki majina ya wanaodhaniwa kuwa waliwaua, kwa sababu hiyo ni kazi ya haki na mahakama, na kwa sababu hatutaki mtu yeyote alale na hofu kwa ajili ya kitabu chetu. Anayetaka kwenda mbele ya haki, chama kimsindikize.

Pili, mafundi wakichimba na wakakuta mifupa, kazi isimame hapo hapo. Mtu asiguse, asihamishe. Shefu wa lokalite na wenye mamlaka waitwe, familia ziitwe. Hakuna mbegu itakayowekwa juu ya mtu ambaye hajazikwa.

Tatu, mama yule na watoto wake wasiondolewe mpaka parsele yake imerudi, ama amepata mahali penye paa. Tumeanza kumsindikiza kwenye biro ya ardhi. Itakuwa aibu kama chama cha waliorudi kitaanza kazi kwa kumtoa nje aliyerudi.

Nne, karatasi. Kabla ya pesa ya mfadhili kutumika, haki ya chama juu ya ile parsele iandikwe na ithibitishwe, ili kesho mtu asije akasema hii ni ya babu yake. Kisha paa, kabla ya rangi. Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: picha ya kwanza mtakayopokea haitakuwa ya ukuta mweupe. Itakuwa ya watu wamekaa chini ya mti wakisikiliza majina. Msidhani kazi haijaanza. Kazi itakuwa imeanza hapo.

Juzi, katika kikao cha kutayarisha, mwanachama mmoja alisema: mkitaja majina mtaamsha mambo yaliyolala. Tumelifikiri neno lake, maana lilisemwa kwa uchungu, si kwa ubishi. Lakini wandugu, kama yangekuwa yamelala, watoto wetu wasingekuwa wanazunguka njia ndefu. Pale Makobola, waliouawa mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999 wanakumbukwa hadharani, watu wanakusanyika, wanalia, kisha wanarudi mashambani. Kulia kwao hakukuleta vita nyingine.

Waliotoka Maniema wakabeba pembe mpaka Unguja hatutawapata tena kwa majina. Imepita miaka mingi, hakuna aliyeandika. Wale wa chumba cha nyuma bado wana mama, wana dada, wana watoto walio hai, na wengine wamekaa katika ukumbi huu. Majina yao bado yanaweza kuandikwa mwaka huu.

Prezida, tunarudisha neno kwako kwa ajili ya kura. Wamama waliokwisha kukubali kuandika wamekaa mbele hapa, na daftari wamekuja nayo.